Kitufe cha Pawa si Injini ya Pili



Ndugu wasomaji, juma hili tuliahidi kuendelea na mazungumzo ya matumizi ya nyumbani. Twaomba radhi kuyaahirisha, kwani lipo jambo lililotupata njiani ambalo hatukuona vyema lipoe kabla ya kuandikwa, na sehemu kubwa ya lawama yake ni yetu.

Tulikuwa tukirejea Mombasa kutoka arusini Voi. Garini tulikuwa watu sita: sisi tumeketi mbele, mwana wa ndugu yetu yuko kwenye usukani, na nyuma mama watoto, dada yetu mkubwa na wajukuu wawili. Buti ilijaa masufuria ya kuazima na gunia la viazi vya Taita. Gari lenyewe ni Toyota Mark II ya miaka ya 1990, otomatiki, tulilolitunza muda mrefu hata watu wa mtaani hutujua kwa mlio wake kabla hawajatuona.

Baada ya kupita Maungu tulilikuta trela likijikokota. Kijana akasubiri, akaiona njia nyeupe, akatoka. Gari likawa sambamba na magurudumu ya nyuma ya trela, lakini halikuchangamka. Hapo ndipo alipoondoa macho barabarani, akainamia mkono wa gia kukitafuta kitufe kilichoandikwa PWR. Alipokwisha kukibonyeza na kuinua kichwa, mbele yetu kulikuwa na basi limewasha taa zote. Akakanyaga breki, akarudi nyuma ya trela, na basi likapita kwa upepo uliotikisa vioo. Hakuna aliyesema neno ila mjukuu mdogo, aliyeuliza kama tumefika.

Tulisimama Mackinnon Road, kwenye msikiti wa Sayyid Baghali, pale wanaposimama wasafiri wengi wa njia ile. Baada ya kuswali tukaketi kivulini na yule kijana, mbali kidogo na kina mama.

"Ami," akasema, "nilibonyeza pawa, na gari halikuongeza nguvu."

"Nani aliyekwambia kitufe kile huongeza nguvu?"

Akanyamaza kitambo, kwa adabu. "Ni wewe, Ami. Siku ile uliponifunza gari hili."

Na kweli ni sisi. Siku tuliponunua gari, muuzaji alituonyesha kitufe kile akasema, ukiona mlima bonyeza hapa, nguvu zitaongezeka. Tukalibeba neno lake miaka yote hii, tukalifunza kwa watoto wa nyumbani kama kwamba tumelisoma mahali. Darasani hatumkubalii mwanafunzi aseme "nimesikia" pasi na kutaja amesikia kwa nani. Lakini habari hii tuliipokea kwa mtu aliyekuwa akitaka pesa zetu, na hatukuuliza mara ya pili.

Basi asubuhi yake tulikwenda kwa fundi wetu, mzee aliyeanza kazi ya gereji enzi ambazo otomatiki zilikuwa za kuhesabika mjini. Hakutueleza kitu. Alifuta mikono, akaingia garini, akatuambia tuelekee Likoni, tuvuke, twende zetu Kombani na kupanda Kwale. Wasomaji wa upande ule wanaijua njia ile: ukiacha barabara ya Diani na kushika kulia, ardhi huinuka kuelekea milima ya Shimba, na mji wa Kwale wenyewe uko karibu mita 400 juu ya usawa wa bahari. Si mlima wa kutisha, lakini watosha kuisemesha gari.

Tulipanda kwanza katika hali ya kawaida. Fundi alitutaka tushike kanyagio la mafuta mahali pamoja, kama nusu, tusilizidishe wala tusilipunguze, na tuitazame saa ya mizunguko ya injini. Gia ya pili ilikuja sindano ikiwa imepita kidogo 2,000. Ya tatu vivyo hivyo. Tukageuka, tukateremka, tukabonyeza PWR, taa ndogo ikawaka kwenye dashibodi, tukapanda tena kwa mguu ule ule. Safari hii injini ilipiga kelele zaidi, na gia haikubadilika mpaka sindano ilipokaribia 3,000. Gari likawa jepesi mguuni. Tukasema, si hizo ndizo nguvu?

Fundi akacheka. "Sasa sheikh, teremka tena, ukanyage mpaka sakafuni. Mara moja na pawa, mara moja bila pawa."

Tukafanya hivyo mahali palipokuwa wazi. Tofauti hatukuiona. Kanyagio likiwa sakafuni, gari lilipandisha injini mpaka juu kabisa kabla ya kubadilisha gia, taa ya pawa ikiwa inawaka au imezimwa, na muda tuliochukua kufika kwenye mti tuliouwekea alama ulikuwa ni ule ule.

"Hamali ni yule yule," akasema fundi. "Kitufe chabadilisha hatua zake tu."

Mfano wake tumeukalia siku kadhaa na tumeuona uko sawa, basi tuupanue kidogo. Aliyemtazama hamali wa mkokoteni akipandisha mzigo atakuwa ameona kwamba mlimani hupiga hatua fupi za haraka, na akifika tambarare hurefusha hatua na kupumzisha pumzi. Gia ya kwanza ndiyo hatua fupi. Ya nne ndiyo hatua ndefu. Katika magari haya yenye gia nne, gia ya tatu huizungusha shafti sawa sawa na injini, moja kwa moja. Ya nne, wanayoiita ovadraivu, injini huzunguka mara 7 au 7 na nusu hivi kwa kila mizunguko 10 ya shafti. Hatua ndefu hiyo ndiyo inayookoa petroli barabara kuu, na ndiyo hiyo hiyo inayolifanya gari lililosheheni lionekane zito likidaiwa mbio za ghafula.

Sasa nani humwambia hamali lini abadilishe hatua? Zamani kazi hiyo ilifanywa na mgandamizo wa oili na springi ndani ya giaboksi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Toyota walianza kuikabidhi kompyuta, na ndizo hizo herufi ECT tunazoziona kwenye baadhi ya vitufe. Kompyuta ile haijui mengi. Inajua kanyagio limefunguliwa kiasi gani, inajua gari linakwenda mbio kiasi gani, na ina majedwali yanayosema kwa kanyagio hili na mwendo huu iwe gia fulani. Kisha hupeleka umeme kwenye vali ndogo ndani ya giaboksi zinazofungua na kufunga njia za oili, na gia ikabadilika. Kitufe cha PWR hakigusi petroli, hakigusi hewa, hakigusi plagi. Humwambia karani: weka jedwali lile, shika hili. Na katika jedwali la pawa, gia za juu hucheleweshwa na gia za chini huitwa mapema zaidi mguu unapoongeza. Basi.

Ndiyo maana mguu ukiwa sakafuni tofauti hutoweka. Mwenye kukanyaga vile amekwisha kusema anataka kila kilichopo, na majedwali yote mawili humjibu karibu jibu moja. Tofauti iko katikati, pale mguu ulipo nusu au theluthi, na hapo ndipo dereva mwingi huishi.

Turudi kwa kijana wetu na trela lile. Alikuwa katika gia ya nne, kanyagio kiasi cha nusu, gari limebeba watu sita na mizigo. Jambo lililotakiwa ni gia ya tatu au ya pili, nayo ingekuja mara moja kama angalikanyaga mpaka chini, kwa kitufe au bila kitufe. Yeye akangoja kitufe kimfanyie kazi ya mguu. Na alipokibonyeza alikuwa amekwisha kutoka. Macho yakawa chini wakati ambao yalikuwa na thamani kuliko wakati wote wa safari. Kama alikitaka, alipaswa kukibonyeza akiwa bado nyuma ya trela, kwa utulivu, kisha angoje nafasi. Kitufe kile huweza kubonyezwa gari likiwa linakwenda, hakidhuru chochote, lakini mahali pake ni kabla ya kutoka.

Tulimkalisha kijana tukapiga hesabu pamoja, kwa kuwa yeye ni mwalimu wa hisabati na lugha hiyo anaisikia. Trela linakwenda kilomita 60 kwa saa. Urefu wake, pamoja na nafasi ya staha nyuma yake na mbele yake, tuseme mita 60. Ukilipita kwa mwendo wa 80 unalizidi kwa kilomita 20 tu kwa saa, ambazo ni mita 5 na nusu kwa sekunde. Utakaa upande usio wako sekunde 11, na katika sekunde hizo wewe utakuwa umekwenda mita 240 na zaidi. Basi linalokuja nalo likiwa katika 80 litakuwa limekwenda mita 240 vilevile. Kwa hivyo unahitaji karibu nusu kilomita ya barabara tupu, na hapo hatujaweka akiba yoyote. Ukiweza kulipita kwa 100, muda unashuka kuwa sekunde 5 na nusu, na barabara inayohitajika ni chini ya mita 280. Kupatikana kwa tofauti hiyo ndiyo kazi ya gia ya chini. Kijana alizitazama tarakimu, akasema nafasi aliyoiona pale baada ya Maungu haikufika nusu kilomita. Hatukumjibu kitu. Sisi tulikuwa tumeketi mbele, macho yetu wazi, na hatukumwambia asitoke.

Zipo nyakati ambazo hali ya pawa ina faida ya kweli, na hatutaki msomaji aondoke akidhani ni pambo. Mwenye kupanda kutoka Mwatate kwenda Wundanyi anaijua adha ya gari linalopanda gia ya juu, likashindwa, likashuka, likapanda tena, kona baada ya kona. Voi iko kama mita 600 juu ya bahari, na Wundanyi yapita 1,300. Na kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupungua uzito kwa takriban sehemu moja ya kumi, na injini isiyo na taboo hupungua nguvu kwa kadiri hiyo. Mlima na hewa nyepesi vikikutana na gari lililosheheni, kule kupanda na kushuka kwa gia hakuudhi masikio tu, bali huchemsha oili ya giaboksi, kwa sababu kila badiliko lina msuguano wake. Hapo pawa husaidia, kwani hulifanya gari likae katika gia ya chini bila kusitasita. Na kama gari linapigana baina ya tatu na nne peke yake, dawa iliyo nyepesi zaidi ni kile kitufe kingine kilicho kwenye mkono wa gia, cha kuzima ovadraivu. Taa ya O/D OFF itawaka na gia ya nne itakuwa imefungwa. Ukifika tambarare, ifungue.

Hapa tuseme neno moja kuhusu taa hiyo. Ikiwaka na kutulia baada ya wewe kuibonyeza, hiyo ni khabari tu. Ikiwa yapepesa yenyewe safarini, ni kompyuta inayokwambia imeona kasoro katika giaboksi na imeihifadhi, na fundi mwenye kujua anaweza kuisoma. Tumewahi kukutana na mtu aliyeibandika karatasi ili isimsumbue usiku.

Msongamanoni pawa haina kazi. Ukitoka Changamwe kuingia mjini saa za asubuhi, kila unaposogea hatua ishirini injini itapiga mizunguko mingi bila kufika popote, na petroli inayochomwa ni yako. Vivyo hivyo katika barabara nyoofu ya Malindi, ambako hali ya kawaida hulifikisha gari gia ya nne mapema, na kufuli ya tokikonveta, yaani chombo cha oili kinachounganisha injini na giaboksi, hushika mapema pia. Kufuli ile ikishika, hakuna tena utelezi wa oili baina ya viwili, injini na giaboksi huzunguka pamoja, joto hupungua na mafuta huokolewa. Katika pawa hungoja mwendo mkubwa zaidi ndipo ishike. Wako vijana waendao na taa ya pawa ikiwaka tangu Jumamosi hadi Ijumaa kwa sababu gari huwa jepesi mguuni. Wana haki na gari lao. Lakini wepesi ule wangeupata kwa kuzidisha mguu kidogo katika hali ya kawaida, na wangeweza kuuacha wasipouhitaji.

Jambo ambalo fundi alilikazania kuliko yote ni kuteremka, nalo sisi hatukulitarajia katika mazungumzo ya pawa. Alisema wako wanaodhani kwamba kwa kuwa pawa hushikilia gia ya chini mlimani, basi itawashikia na mteremkoni. Haiwashikii kwa kutegemewa. Mguu ukitoka kwenye kanyagio, jedwali husoma kwamba dereva hataki nguvu, na gia hupanda juu. Kuteremka kutoka Wundanyi au Kwale ni kazi ya mkono wa gia wenyewe: zima ovadraivu, na mteremko ukiwa mkali punguza mwendo kwanza kisha ushushe mkono kwenye 2, na pale palipo pakali zaidi kwenye L. Injini itavuta nyuma, na breki zitapata kupumua. Anayeteremka kwa breki peke yake atazisikia harufu kabla hajafika chini, na breki iliyochemka hukanyagwa ikaenda mpaka mwisho bila ya jibu.

Na wako wanaotia N wakiteremka, wakidai wanaokoa petroli. Hawa wana makosa mara mbili. Kwanza wamejinyima msaada wa injini mahali wanapouhitaji. Pili, katika gari la sindano za petroli, ukiwa ndani ya gia na mguu umeuondoa, kompyuta ya injini hukata mafuta kabisa mpaka mizunguko ikaribie kimya. Lakini ukiwa katika N injini haina budi kunyweshwa ili isizimike. Kwa hivyo anayetia N ndiye anayechoma.

Kuna na kitufe cha tatu katika baadhi ya magari haya, kilichoandikwa MANU au SNOW. Hicho cha pili ni cha theluji, ambayo kwetu tutaingoja sana. Lakini hakikosi kazi: hulifanya gari lianze kuondoka katika gia ya pili, na wakati wa masika, katika tope la njia za ndani, gurudumu linaloanza taratibu halichimbi shimo.

Yote haya ni ya magari ya umri ule. Yaliyokuja baadaye, yenye kanyagio la umeme, kitufe cha pawa huweza kubadilisha pia namna injini inavyoujibu mguu, na zile za haibridi kama Prius ndivyo zilivyo. Hivyo aliyenunua gari la karibuni asitumie maneno yetu bila kukisoma kitabu cha gari lake. Sheria yetu hairuhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka minane, basi haya ya zamani tuliyonayo ndiyo yaliyobaki, na mengi yamepita mikononi mwa watu watano au sita, kila mmoja akimrithisha mwenziwe gari pamoja na hadithi zake. Anayelinunua leo, kabla ya kuuliza habari za pawa, na aitazame oili ya giaboksi: injini inaunguruma na imepata moto, gari liko tambarare, mkono uko kwenye P, kisha achomoe kijiti. Iliyo nzuri ni nyekundu na haina harufu mbaya. Ikiwa ya kahawia na yanuka kuungua, hakuna kitufe kitakachoifaa.

Juma lililofuata tulikuwa na safari ya Voi tena, kurudisha masufuria ya watu. Kijana ndiye aliyeendesha. Tulipofika baina ya Taru na Mackinnon Road tukalikuta lori la saruji, na nyuma yake foleni ya magari manne. Alibonyeza PWR akiwa bado mbali, taa ikawaka, akaweka mikono yote miwili kwenye usukani. Mara mbili njia ilifunguka na mara mbili hakutoka.

"Haitoshi, Ami," akasema, nasi tulikuwa hatujauliza.

Tulikwenda nyuma ya lori lile mpaka Buchuma, ambako lilipinda kando kupumzika. Akakibonyeza tena kitufe, taa ikazimika, na gari likaingia gia ya nne.